Kabla hujajaza fomu ya digrii ya elimu maalumu, piga hesabu kwanza

Shikamooni wazazi wangu. Walimu wenzangu habari za kazi, na nyie wadogo zangu mliomaliza kidato cha sita juzi juzi hapa, mambo vipi. Nimepewa nusu saa alafu kuna maswali, kwaiyo ntaingia moja kwa moja.

Kuna swali naulizwa kila mara, kwenye simu, kwenye magrupu ya walimu, hata kanisani watu wananivuta pembeni: mwalimu, nikisoma digrii ya elimu maalumu italipa? Na anayeuliza anataka jibu fupi, ndiyo au hapana, kwa sababu dirisha la maombi linakaribia kufungwa na mzee nyumbani anasubiri kujua kama auze ng'ombe ama asiuze. Jibu langu ni kwamba inamlipa mtu anayetoka chuo akiwa anaongea lugha ya alama kwelikweli, au anasoma nukta nundu, yale maandishi ya wasioona, bila kubahatisha, au anaweza kukaa na mtoto mwenye usonji asubuhi nzima na mtoto akaondoka na kitu kipya. Anayetoka na cheti bila hivyo vitu amenunua karatasi kwa bei kubwa sana, na ataendelea kuilipia miaka mingi. Ntawaonesha kwa namba.

Tuanze na hela basi, maana hapo ndo watu wanaogopa kuuliza mbele za watu.

Mwalimu wa serikali Tanzania analipwa kwa ngazi za mishahara ya walimu zinazoitwa TGTS. Wa cheti anaanzia B, wa diploma C, wa digrii D. Elimu maalumu haina ngazi yake. Mwenye digrii ya elimu maalumu na mwenye digrii ya ualimu wa Historia na Kiswahili wanaanzia mstari mmoja, shilingi kwa shilingi, na hili wengi hawaambiwi wakati wanajaza fomu, wanadhani neno maalumu lina hela yake ndani. Halina. Kwaiyo ukitaka kupima vizuri usilinganishe elimu maalumu na ualimu wa kawaida, linganisha digrii na diploma, kwa sababu diploma ya elimu maalumu ipo, Chuo cha Patandi pale Arusha kinafundisha walimu wa elimu maalumu ngazi ya chini ya digrii na watu wake wamejaa kwenye shule za nchi nzima.

Ntatumia viwango vya mshahara vilivyokuwepo kabla ya nyongeza ya 2022 kwa sababu walimu wote humu wanavikumbuka kichwani. C ilianzia 530,000, D ilianzia 716,000. Tofauti ni 186,000 kwa mwezi, na ukimwambia mtoto wa kidato cha sita hii namba macho yanamtoka. Sasa tukate. PSSSF, yaani mfuko wa pensheni, asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, chama cha walimu asilimia 2, alafu PAYE, ile kodi ya mshahara, kwa viwango vya mwaka ule wa fedha wa 2021/22. Wa diploma anabaki na kama 458,000 mkononi. Wa digrii anabaki na kama 592,000. Ile 186,000 imeshakuwa 134,000, maana wa digrii ameingia kwenye kundi linalotozwa kodi ya asilimia 20 kwa kila shilingi inayozidi 520,000, wakati mwenzie wa diploma, ile PSSSF ikishatolewa kabla ya kodi, anashuka chini ya hapo na bado yuko kwenye asilimia 8. Haijaisha. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HESLB, wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, zamani ilikuwa 8, sheria ikabadilishwa 2016. Asilimia 15 ya 716,000 ni 107,400. Itoe kwenye ile 134,000 uone.

Inabaki 26,000 na ushee. Kwa mwezi.

Rudieni hiyo hesabu nyumbani taratibu na kalamu. Mwalimu mpya wa digrii aliyesoma kwa mkopo na mwalimu mpya wa diploma aliyesoma bila mkopo, wakipokea mshahara siku moja, tofauti yao mfukoni ilikuwa haifiki elfu thelathini. Tangu hapo mishahara imepanda, Mei Mosi ya 2025 kima cha chini serikalini kikatangazwa kupanda kwa asilimia 35.1, kutoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai, kwaiyo chukueni salary slip za leo muweke namba za leo, lakini mpangilio wa makato mtaukuta ni uleule na ile asilimia 15 haijasogea.

Inakatwa mpaka lini? Tuseme deni lako ni milioni 10, mfano tu, wengine wana zaidi wengine wana pungufu. Kwa 107,400 kila mwezi ni miaka 7 na miezi 9, na ukipanda daraja makato yanakua na deni linaisha mapema. Kizuri kimoja, ile asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo iliyokuwa inafanya deni livimbe huku unalipa ilifutwa 2021, kwaiyo saivi ukilipa unaona deni linapungua kweli. Waliokuwepo kabla ya hapo wanajua machungu yake, mtu analipa miaka mitatu akiangalia salio liko palepale.

Alafu deni likiisha? Hapo ndo digrii inaanza kukulipa. Ile laki na thelathini na kitu inakuwa yako yote, ngazi yako ina nafasi ya kupanda mbele zaidi, na mafao ya uzeeni yanakokotolewa kwenye mshahara mkubwa. Mtu wa miaka 24 ana miaka 36 mbele yake mpaka afike 60. Kwaiyo mimi sisemi digrii ni hasara hata kidogo. Nasema faida yake inachelewa, na kijana aliyeahidiwa kwamba inakuja mwezi wa kwanza wa ajira ndo huyo unamkuta mwaka wa pili kazini ameshaingia kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, kadi ya benki iko kwa mtu, na anafundisha akiwa na mawazo yote kichwani. Watoto wetu hawa wanahitaji mwalimu aliyetulia. Mtoto mwenye ulemavu wa akili anakusoma uso kabla hujafungua mdomo.

Sasa wewe binafsi ufanyeje, inategemea uko wapi leo.

Kama umemaliza kidato cha sita na nyumbani hakuna hela, mimi ningekushauri uifikirie diploma kwa uzito kabla ya digrii. Unatoka ukiwa umeshika fani moja, viziwi, wasioona au ulemavu wa akili, unaomba kazi mapema, alafu ukishaingia kazini unasoma digrii ukiwa na mshahara. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya 1992 kwa ajili ya watu wa namna hiyo, unasoma uko kituoni kwako, wana digrii ya ualimu wa elimu maalumu, na gharama kubwa kuliko zote za kusoma, ambayo ni ile miaka ya kukaa bila kuingiza kitu, wewe huilipi. Najua wazazi wengine hawapendi kusikia hivi, mtoto kapata principal zake mbili anastahili chuo kikuu, kwanini aende chuo cha ualimu, majirani watasemaje. Majirani hawatakulipia deni la Bodi.

Kama unataka kwenda digrii moja kwa moja, nenda, vyuo vipo, mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, unatoka kila mwaka una programu zote na sifa za kujiunga, usome mwenyewe usisomewe na ajenti wa chuo. Ila ntarudi kukuambia cha kukagua kabla hujathibitisha.

Kama tayari ni mwalimu kazini, wewe hesabu yako ni tofauti kabisa. Ukipata ruhusa unasoma mshahara unaingia, hiyo ni bahati kubwa ambayo mtoto wa kidato cha sita hana. Lakini ruhusa ni barua ya mkurugenzi mkononi, na jina lako liwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Usiondoke kwa ahadi ya mdomo ya mkuu wa shule, mkuu wa shule anahamishwa, na wewe unabaki mtoro kazini. Jambo la pili, angalia uko daraja gani leo. Mwalimu wa diploma aliyekaa kazini miaka mingi ameshapanda mpaka D, wengine E, huyu akirudi na digrii asitegemee mshahara uruke. Na kubadilishiwa muundo, yaani kuingizwa kwenye cheo na mshahara wa digrii, baada ya kurudi kunasubiri ikama, yaani idadi ya nafasi zilizoidhinishwa, na bajeti, watu wanakaa na cheti kwenye bahasha mwaka, miaka miwili, mwingine zaidi. Waliokuwepo kazini kuanzia 2016 wanakumbuka madaraja yaliposimama, na wanakumbuka ilivyokuwa kusubiri mpaka 2021 mambo yaanze kutembea tena na baadaye watu kupandishwa kwa mserereko, yaani kufidiwa madaraja waliyocheleweshewa. Mwajiri akichelewa, aliyechelewa ni yeye ila anayelipa ada ya mtoto na kodi ya nyumba ni wewe, kwaiyo panga maisha yako kwa mshahara wa zamani mpaka siku utakayouona mpya kwenye slip.

Hela tumeimaliza kiasi chake, sasa niseme kitu ambacho kinaniuma zaidi.

Nimekuwa napokea wanafunzi wa vyuo wanaokuja BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, darasani kwangu. Ni vijana wazuri, wana bidii, wameandaa lesson plan zimepangika, zana wamechora kwa rangi. Alikuja mmoja, mwaka wa tatu digrii, anajua nadharia zote, anakutajia aina za upotevu wa usikivu mpaka desibeli. Akaingia darasa la tatu la viziwi, akasimama mbele, dirisha kubwa liko nyuma yake, jua la saa tatu linaingia. Akaanza somo. Watoto wanakunja macho, kwa sababu mtu akisimama na mwanga nyuma uso wake unakuwa kivuli, hawaoni mdomo, hawaoni mikono vizuri. Alafu akageuka kuandika ubaoni huku anaongea, anaongea na ubao, kwa sauti nzuri kabisa. Watoto wanane wanamwangalia mgongo. Kabinti kamoja kalikaa mbele kakainuka, kakaenda kumvuta shati taratibu, akageuka, kakamwoneshea kwa mkono asimame upande ule mwingine, ukutani. Mtoto wa darasa la tatu anamfundisha mwalimu mahali pa kusimama.

Yule kijana hana kosa lolote. Alilipa ada miaka mitatu, alikopa, alihudhuria. Hakuna aliyemweka mbele ya kiziwi hata siku moja kabla ya siku ile. Na wapo wengi wa aina yake, wamefundishwa kidogo kuhusu kila ulemavu, wanatoka wanajua maana ya kila kitu na hawawezi kumwambia mtoto kiziwi akanawe mikono aje ale.

Kwa wasioona ni hivyohivyo. Nukta nundu ni nukta 6 tu kwenye chumba kimoja, herufi a ni nukta ya 1, b ni ya 1 na ya 2, ukikaa nayo jioni mbili unazijua herufi zote za Kiswahili. Lakini kuzijua siyo kusoma. Mtoto akiandika kwa kibao na kalamu ya chuma anatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi imegeuzwa, ili akigeuza karatasi asome kutoka kushoto kwenda kulia. Nukta zimeinuka lakini ni karatasi ya rangi moja, wewe unayeona unatakiwa uiinamishe kwenye mwanga wa pembeni usome vivuli. Madaftari 20 ya mtihani wa wiki, hesabu ndani yake, vifupisho ndani yake, mtoto amefuta nukta kwa ukucha ameandika upya juu yake. Mwalimu ambaye hajafanya hii kazi miezi na miezi chuoni anafanya nini? Anamwita mwanafunzi amsomee jibu lake alafu anampa alama. Hapo mtoto hajasahihishwa, ameulizwa tu. Na mtihani wa taifa hauwezi kumuuliza.

Ndo maana nasema nunueni ujuzi. Ukitaka kuchagua chuo, fanya safari ya siku moja uende, au mpigie simu mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa pale, siyo ofisi ya udahili. Muulize lugha ya alama wanasoma mihula mingapi na nani anawafundisha, ni kiziwi mwenyewe au ni mtu aliyesoma kwenye kitabu. Muulize mashine za Perkins, zile za kuandikia nukta nundu, ziko ngapi na darasa lina watu wangapi, maana mashine moja bei yake inazidi mshahara wa mwezi wa mwalimu anayeanza, chuo kinaweza kuwa nazo chache zimefungiwa stoo, mnaziona siku ya ukaguzi. Muulize BTP wanapelekwa wapi, kama wanapelekwa sekondari yoyote ilimradi iko karibu, au wanapelekwa penye watoto wenyewe, shule kama Buguruni Viziwi, Tabora Viziwi, Njombe Viziwi, Buigiri ya wasioona, Mugeza Mseto, Uhuru Mchanganyiko, au kwenye vitengo vilivyoko ndani ya shule za msingi za kawaida. Majibu ya hayo maswali yana thamani kuliko jina la chuo.

Na kama chuo unachokiweza hakina hivyo vitu, bado njia ipo na ni rahisi. CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania, wana matawi mikoani, nenda kakae na viziwi wenyewe, wikiendi, kanisani kwao, kwenye mechi zao za mpira. Lugha haijifunzwi kwa slaidi. Mimi niliowaona wameiva kwenye lugha ya alama wote wana marafiki viziwi wanaowatania na kugombana nao. Kibao cha kuandikia nukta nundu na kalamu yake bei yake siyo ya kutisha, nunua kabla ya laptop.

Sasa ajira, najua mnaisubiri hii.

Hali mnaijua. Mwanzoni mwa 2025 walimu walifanya usaili kwa mara ya kwanza kupitia Sekretarieti ya Ajira, nafasi zilikuwa 14,648 na walioomba walizidi 200,000. Walimu wa digrii waliomaliza tangu 2015 wako mtaani, wanaendesha bodaboda, wana genge, wanajitolea shule za jirani kwa hela ya sabuni. Kwaiyo mzazi akiniuliza kuna uhakika wa ajira nikimwambia ndiyo ntakuwa namdanganya, na sitamdanganya mzazi anayetaka kuuza ng'ombe. Ninachoweza kumwambia ni kwamba kwenye matangazo ya ajira za walimu elimu maalumu inaandikwa peke yake, daraja la IIIA la cheti, IIIB la diploma, IIIC la digrii, na pale foleni ni fupi kuliko ya Historia na Jiografia, hilo mwalimu yeyote anayefuatilia matangazo analiona. Na hitaji lipo kisheria, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inampa mtoto haki ya kusoma, na serikali ikaja na Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 mpaka 2025/26. Buigiri ilianza 1950, Tabora Viziwi 1963, zaidi ya miaka sabini tuna hizi shule na bado leo ukienda kijijini na mtendaji mkagonga nyumba kwa nyumba utakuta mtoto wa miaka 11 yuko ndani, hajawahi kuvaa sare. Walimu wanahitajika. Kuhitajika na kuajiriwa ni bajeti inayoviunganisha, na bajeti hamuipangi nyie.

Kuna jambo lingine wanaotaka digrii hawaambiwi. Watoto wetu wengi wako shule za msingi na kwenye vitengo, ila mwenye digrii kwa kawaida anapangiwa sekondari. Unaweza kupangiwa sekondari ya kata ambayo haina hata mwanafunzi mmoja mwenye ulemavu aliyeandikishwa, ukapewa vipindi 24 vya Kiswahili, na ile lugha ya alama uliyoisotea ikaanza kukutoka. Nimewaona walimu wamekaa hivyo miaka mitano. Kwaiyo lile somo la kufundishia unalolibeba pamoja na elimu maalumu usilichukulie poa, kuna uwezekano ndo litakuwa kazi yako ya kila siku, lichague kama unavyochagua fani. Na ukipangiwa hivyo usikae kimya, andika kwa Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri, kila halmashauri anatakiwa awepo, mwambie mimi niko hapa, nina fani hii, omba kuhamishiwa penye kitengo hata kama ni msingi. Wengine wanaona kurudi msingi ni kushuka. Mimi sioni hivyo, mshahara wako unakufuata, na kule ndo kazi uliyoisomea iko.

Nje ya serikali je? Ipo, hasa Dar, Arusha, Mwanza. Shule binafsi kubwa zinatafuta walimu wa watoto wenye usonji na wenye shida ya kusoma, na wazazi wenye uwezo wanalipa mwalimu aje nyumbani jioni. Hela inaweza kuwa nzuri kuliko ya serikali miezi mingine na miezi mingine mzazi anasafiri huna kitu, hakuna mkataba, hakuna anayekuwekea akiba ya uzeeni NSSF. Ukiingia huko andikishana, hata karatasi ya mkono, siku ngapi, saa ngapi, mtoto akiumwa unalipwa ama hulipwi. Wakalimani wa lugha ya alama nao wanaitwa kwenye mikutano, hospitali, mahakamani, kwenye taarifa ya habari ya televisheni mnawaona pembeni ya skrini. Wote hao hakuna anayewauliza GPA. Anakaa kiziwi mbele yako mnaongea dakika kumi, kazi imejulikana ni yako au siyo yako. Mwenye diploma aliyeiva anaichukua mbele ya mwenye masters aliyekariri.

Nigusie na hili neno wito, maana lazima kuna mtu atalisema kwenye maswali. Ni kweli huwezi kudumu kwenye kazi hii kama huwapendi hawa watoto, utachoka mwaka wa kwanza. Mtoto umemfundisha kufunga vifungo vya shati muhula mzima, anakwenda likizo anarudi amesahau, unaanza kifungo cha kwanza. Na siku akifunga vyote vitano mama yake akiona anakaa chini kwenye baraza ya darasa analia, na wewe unajua hiyo siku hutaisahau. Mimi napenda kazi hii na ningeichagua tena. Lakini nimechoka kusikia wito ukitumika kumnyamazisha mwalimu anayedai haki yake. Mwalimu wa kitengo anawabadilisha watoto nguo waliojisaidia, hana msaidizi, hana maji darasani, akiuliza habari ya posho anaambiwa huo ni wito. Wenzetu Kenya, tume yao ya walimu, TSC, inamlipa mwalimu wa shule maalumu posho ya shule maalumu juu ya mshahara, iko kwenye slip imeandikwa. Na sisi tuidai kupitia vyama vyetu, kwa heshima, kila mwaka, bila kuchoka, kwa sababu posho ya namna hiyo ingebadilisha ile hesabu ya elfu ishirini na sita niliyowapa kuliko digrii yoyote ile, na ingewafanya walimu waliosomea wabaki vitengoni badala ya kukimbilia ofisini.

Nimalizie na hii ya mikopo kwa sababu wengi mnakwama hapa kila mwaka kwa vitu vidogo. Bodi inaangalia uhitaji, kwaiyo vielelezo ndo kila kitu. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kama umezaliwa Zanzibar ni wakala wa kule, ZCSRA, na uhakiki unachukua muda, usisubiri dirisha lifunguliwe, anza wiki hii. Kama mzazi amefariki cheti cha kifo nacho kinahakikiwa hukohuko. Kama wewe mwenyewe au mzazi wako ana ulemavu kuna fomu inathibitishwa na daktari, watu wanaiacha kwa aibu na ni haki yao. Jina lililoko kwenye cheti cha kidato cha nne liwe ndo hilohilo kwenye cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi, kama linapishana shughulikia sasa. Ukipata bumu, ile hela ya chakula na malazi iliyopandishwa 2022 kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku, kumbuka kila shilingi yake iko ndani ya lile deni la asilimia 15, siyo zawadi. Na wale mtakaopata mkopo nusu, kabla hamjathibitisha chuo kaeni na wazazi muandike nani atalipa ile nusu nyingine mwaka wa pili na wa tatu, kwa majina, siyo "Mungu atafungua njia" peke yake, maana wanaoacha masomo katikati wengi wanaachia hapohapo kwenye ada ya mwaka wa pili, deni la mwaka mmoja wanalo na cheti hawana.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Mwenye salary slip yake ya mwezi uliopita aje nayo mbele tufanye ile hesabu kwa namba zake, na maswali mengine karibuni.